Jiji lililovuka mkoa wake: uchambuzi wa kisa cha Dar es Salaam na kata za Pwani

Kati ya Sensa ya 2012 na Sensa ya 2022, Wilaya ya Mkuranga, ambayo kiutawala ni ya Mkoa wa Pwani, iliongezeka watu 310,112, kutoka 222,921 hadi 533,033. Katika miaka hiyo hiyo, eneo lililokuwa Manispaa ya Kinondoni, ambalo sasa ni Kinondoni na Ubungo kwa pamoja, liliongezeka watu 294,191, na lile lililokuwa Manispaa ya Temeke, ambalo sasa ni Temeke na Kigamboni, liliongezeka watu 295,695. Yaani wilaya ya mikorosho na mihogo, iliyo nje ya mkoa, ilipata watu wapya wengi kuliko Kinondoni yote ya zamani na kuliko Temeke yote ya zamani. Ni Ilala pekee iliyoizidi, kwa ongezeko la watu 429,301.

Ninaanza na hesabu hiyo kwa sababu mjadala kuhusu Dar es Salaam inaishia wapi huendeshwa mara nyingi kwa ramani ya mkoa, na ramani hiyo ina jibu moja rahisi ambalo halilingani tena na namna watu wanavyoishi, wanavyosafiri na wanavyonunua viwanja. Uchambuzi huu unashika swali moja: ikiwa leo tungetakiwa kuchora mpaka wa jiji pamoja na viunga vyake vyote kwa ajili ya kupanga ardhi, maji na usafiri, mstari huo ungepita wapi, na ungechorwa kwa kigezo gani? Msimamo wangu ni kwamba uchorwe kwa kata, usibadilishe mamlaka ya halmashauri yoyote, na kazi yake ya kwanza iwe ardhi kabla ya jambo jingine lolote.

Wapo watakaosema kuwa suala hili limepungua uzito tangu serikali ihamie Dodoma. Ni kweli kwamba uamuzi wa kuhamisha makao makuu ulifanyika 1973, na kwamba mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria inayotambua Dodoma kuwa makao makuu ya nchi. Lakini bandari haikuhama, Kariakoo haikuhama, na nyumba zinaendelea kujengwa kila siku kandokando ya barabara nne kuu zinazotoka mjini. Mawizara yaliyoondoka hayakuondoka na wakazi wa Mbagala.

Sensa na namna ilivyosomwa

Mwaka 2022 Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu 5,383,728, kutoka 4,364,541 mwaka 2012. Kasi ya ongezeko, ambayo kati ya 2002 na 2012 ilikuwa asilimia 5.6 kwa mwaka, ilishuka hadi asilimia 2.1, chini ya wastani wa taifa wa asilimia 3.2. Ukizisoma takwimu hizo peke yake, utadhani jiji limepoa. Utashangaa pia ukikumbuka kwamba mwaka 2018 Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa Dar es Salaam ingevuka watu milioni 10 ifikapo 2030.

Geuza sasa ukurasa wa Pwani. Mkoa huo, ambao kati ya 2002 na 2012 ulikua kwa takriban asilimia 2.2 tu kwa mwaka, ulitoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947, kasi inayozidi asilimia 6. Pwani iliongeza watu 926,279. Dar es Salaam, yenye watu mara nne zaidi mwanzoni mwa muongo, iliongeza 1,019,187. Mji wa Kibaha peke yake ulitoka 128,488 hadi 265,360. Siamini kwamba jiji lilipoa. Jiji lilimwagika nje ya mkoa wake, na sensa, kwa kuwa huhesabu watu kwa mkoa walimolala, ikauandika ukuaji huo kwenye daftari la jirani.

Tahadhari inahitajika hapa, maana hoja hii ikivutwa kupita kiasi inaharibika. Si kila mkazi mpya wa Pwani ni mtu wa Dar es Salaam aliyehama. Watoto wamezaliwa, viwanda vya Mkuranga na Kibaha vimeajiri watu kutoka Lindi, Mtwara na Morogoro ambao hawakuwahi kupanga chumba Temeke, na Chalinze ina mwendo wake kwa sababu iko kwenye njia panda ya Tanga na Morogoro. Hata hivyo, kiwanda cha Mkuranga kipo pale kwa sababu bandari na soko la Dar es Salaam viko karibu, na mtu aliyekifuata amelifuata jiji hata kama hajui.

Tukijumlisha mkoa wa Dar es Salaam na Mkuranga na Mji wa Kibaha, tunapata watu 6,182,121. Tukiongeza Kisarawe yenye 159,226 na Halmashauri ya Bagamoyo yenye 205,478, tunafika 6,546,825, ambao ni zaidi ya mkoa kwa watu milioni moja na laki moja na ushee. Idadi hiyo imezidi kiasi, kwa kuwa inawachukua hata wakulima wa vijiji vya mbali vya Mkuranga na Kisarawe ambao shughuli zao haziwaleti mjini. Ukweli uko kati ya ile ya mkoa na hii, na hakuna wilaya inayoweza kuonyesha ni wapi hasa. Kwa hiyo lazima tushuke hadi ngazi ya kata.

Mkoa ulivyopata umbo ulio nao

Mpaka wa sasa ni wa kihistoria na haukuwahi kukusudiwa kulizunguka jiji la ukubwa huu. Mji ulioanzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860, pembeni ya kijiji cha Mzizima, ulifanywa makao makuu ya utawala wa Wajerumani mwaka 1891, ukawa manispaa 1949 na jiji 1961. Katika Sensa ya 1967 jiji lilikuwa na watu 272,821, na Mzizima iliyolizunguka ilihesabiwa kando ikiwa na watu 83,465. Baadaye Mzizima ilimezwa, na jumla ya maeneo hayo mawili ndiyo ikawa mkoa tunaoujua. Hilo lina maana kubwa kwa kisa chetu, kwa sababu linaonyesha kuwa kuna wakati nchi hii iliona jiji limeivuka mipaka yake, ikaichora upya.

Mipango kabambe, yaani mipango mikuu ya kuongoza ukuaji wa jiji, ilikuja 1949, 1968 na 1979. Ule wa mwisho ulikusudiwa kuongoza kwa miaka 20, lakini uliofuata ni wa 2016 hadi 2036, na katika pengo hilo jiji lilijipanga lenyewe, hasa kwa makazi holela. Uongozi nao ulivunjwa na kuundwa upya mara kadhaa: halmashauri za miji zilifutwa katika miaka ya 1970 na kurejeshwa 1978, mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa na kuwekwa tume, mwaka 2000 ukaanza mfumo wa manispaa tatu za Kinondoni, Ilala na Temeke chini ya mwavuli wa Halmashauri ya Jiji, kisha Ubungo na Kigamboni zikaongezwa.

Mabadiliko ya Februari 2021 ndiyo yanayotugusa zaidi. Halmashauri ya Jiji, ambayo pamoja na udhaifu wake ilikuwa chombo pekee cha kuchaguliwa kilichotazama manispaa zote kwa pamoja, ilivunjwa, na Ilala ikapandishwa hadhi na kubeba jina la Jiji la Dar es Salaam. Sababu iliyotolewa ilieleweka, kwani Halmashauri ya Jiji haikuwa na eneo lake la utawala na ilionekana kurudia kazi za manispaa kwa gharama ya walipakodi. Matokeo yake, lakini, ni kwamba kisheria jiji sasa lina watu 1,649,912 wa Ilala, na halmashauri nne zilizobaki ni majirani zake tu. Uratibu umebaki kwa Mkuu wa Mkoa na Katibu Tawala, ambao mamlaka yao yanaishia mpakani. Ikiwa ndani ya mkoa hakuna chombo cha kuziunganisha Kinondoni na Temeke katika mpango mmoja wa ardhi, ni vigumu kutegemea kwamba Temeke na Mkuranga zitakutana zenyewe.

Barabara ya Kilwa

Abiria anayetoka Mbagala Rangi Tatu kuelekea kusini hupita Kongowe, kisha Mwandege, kisha Vikindu. Hakuna pengo njiani. Maduka ya vifaa vya ujenzi, mafundi wanaochomelea mageti, wafyatua matofali, vijiwe vya bodaboda na vibanda vya chipsi vimepangana bila kukatika, na mgeni hawezi kujua kwamba ametoka Temeke akaingia Mkuranga. Konda hatangazi mpaka. Kinachobadilika ni muhuri unaogongwa kwenye karatasi ya mauziano ya kiwanja.

Upande wa Temeke, mnunuzi hupelekwa na dalali kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti anashuhudia, karatasi inasainiwa. Udhaifu wa utaratibu huo unajulikana, lakini angalau eneo ni la mjini, na swali la mchoro wa mipangomiji lina mahali pa kuulizwa. Upande wa pili, katika kata nyingi za Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo, mtu huingia kwenye vijiji na vitongoji, na ardhi husimamiwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Sheria hiyo iliandikwa kumlinda mkulima: halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na hati inayotolewa ni hakimiliki ya kimila. Ni sheria nzuri kwa kijiji kinacholima. Haikuandikwa kwa ajili ya mahali ambapo shamba la mikorosho linauzwa kwa watumishi, wachuuzi na mafundi kutoka Mbagala ambao hawajawahi kuhudhuria mkutano wowote wa kijiji hicho.

Tazama kinachotokea kwenye ekari moja. Ekari ina mita za mraba 4,047 hivi, na kiwanja kinachotafutwa sana ni cha ishirini kwa ishirini, yaani mita za mraba 400. Mwenye shamba asipoacha njia hata moja, anapata viwanja kumi. Akiacha njia ya kupita gari pamoja na mifereji ya maji ya mvua, anapoteza viwili au vitatu, na hakuna anayemlipa. Kwa hiyo anaacha uchochoro wa kupita bajaji, na jirani yake naye anafanya vivyo hivyo, lakini uchochoro wake haukutani na ule wa kwanza. Miaka michache baadaye nyumba zimejaa, gari la zimamoto haliingii, gari la kunyonya majitaka haliingii, na bomba la maji linalazwa kwa kuzunguka kuta za watu. Ndipo kampuni ya upimaji inaitwa kurasimisha, yaani kupima na kutambua kisheria makazi yaliyokwisha kujengwa, wakazi wanachangishwa, na bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, zinapandwa kufuata kuta ambazo tayari zimesimama.

Mchakato huo ulishafanyika Mbagala, Tandale na Kimara, na kila aliyeshughulika na urasimishaji anajua ulivyo ghali kuliko kupanga mapema. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, uliopima maeneo kama Mbweni, Bunju, Kibada, Tuangoma na Buyuni, ulionyesha kwamba serikali inaweza kutangulia mbele ya ujenzi. Lakini wote huo ulikuwa ndani ya mkoa. Leo ukingo wa ujenzi umevuka, na uwezo mkubwa wa kupanga, yaani maofisa mipangomiji, wapimaji na mapato, umebaki upande wa jiji.

Barabara nyingine tatu zina sura tofauti. Barabara ya Morogoro inapita Kibamba na kufika Kiluvya, jina linalotumika pande zote mbili za mpaka, upande wa Ubungo na upande wa Kisarawe, kisha Maili Moja ya Kibaha. Hapa angalau mamlaka ya upande wa pili ni mji wenye mitaa na wenye historia ya kupanga, lakini gharama ya kuchelewa imeonekana waziwazi: nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara kuanzia Kimara hadi Kiluvya zilibomolewa 2017 kupisha upanuzi wa barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2. Barabara ya Bagamoyo inavuka Mto Mpiji baada ya Bunju na kuingia Mapinga na Kerege, ambako shughuli kubwa ni uuzaji wa viwanja. Na upande wa Pugu mkoa unaishia kwenye misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, na juu ya vilima upo mji wa Kisarawe, ambao kwa miongo mingi ulikosa maji ya bomba ya uhakika ingawa uko karibu na Gongo la Mboto, hadi mradi wake ulipokamilika 2020.

Kuchagua kigezo

Vigezo vinavyotumika duniani kuchora eneo pana la jiji ni vitatu, na kila kimoja kinafaa Dar es Salaam kwa sehemu tu.

Cha kwanza ni msongamano. Mwaka 2020 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliidhinisha njia ya kugawa ramani katika miraba ya kilomita moja moja, ambapo kitovu cha mjini ni miraba iliyoungana yenye watu wasiopungua 1,500 kwa kila kilomita ya mraba na jumla ya watu wasiopungua 50,000. Njia hii ni ya haki kwa sababu haijali mkoa wala wilaya, na kwa hakika Mwandege na Maili Moja zingeungana na jiji bila ubishi. Tatizo lake ni kwamba inaona waliokwisha kuhamia tu. Haiwaoni maelfu walionunua Mapinga au Vikindu na ambao kwa sasa wana msingi, pagale, au rundo la matofali na mlinzi. Kwa desturi yetu ya ujenzi wa pole pole, ardhi huwa imekatwa na kuuzwa miaka mingi kabla msongamano haujaonekana. Mpaka uliochorwa kwa msongamano peke yake utakuwa siku zote nyuma ya tukio.

Cha pili ni safari za kazini. Katika nchi za Ulaya, wilaya huhesabiwa kuwa sehemu ya eneo la jiji pale asilimia 15 ya wafanyakazi wake wanapofanya kazi kwenye kitovu. Marekani kiwango ni asilimia 25. Kigezo hiki kinahitaji watu wenye mahali maalumu pa kazi, na wengi wetu hatuna. Mama anayeamka usiku Vikindu kufuata mzigo Ilala Boma na kuuza Mbagala hadi jioni ana vituo viwili vya kazi. Fundi ujenzi hufuata kazi ilipo. Badala ya kulazimisha kipimo cha ajira rasmi, ningetumia ushahidi ambao tayari upo kwenye mafaili: njia za daladala zinazosajiliwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, zikivuka mpaka wa mkoa, na wingi wa safari zake alfajiri na jioni. Pale daladala zinapojaa saa kumi na moja alfajiri kuelekea mjini na kurudi zimejaa usiku, hapo ni jijini, sensa iseme isemavyo.

Cha tatu ni huduma, na hapa Dar es Salaam ina mfano ambao majiji mengi ya Afrika hayana. DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, imekwisha kuvuka mkoa. Inahudumia Dar es Salaam pamoja na Kibaha, Bagamoyo, Mkuranga, Kisarawe na Chalinze, na mitambo yake mikubwa miwili, Ruvu Juu pale Mlandizi wenye uwezo wa lita milioni 196 kwa siku na Ruvu Chini wenye lita milioni 270, yote iko Pwani. Anayedai kwamba ushirikiano wa mikoa hii miwili hauwezekani aangalie bomba. Lakini eneo la DAWASA haliwezi kuwa mpaka wa jiji, kwa sababu bomba hufuata mto na mwinuko wa ardhi, na hivyo Chalinze imo kwa sababu ya maji ingawa maisha yake ya kila siku hayategemei Kariakoo. Bonde la Ruvu lenyewe linaanzia Morogoro, na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ipo kwa kazi hiyo. Hakuna haja ya kulivuta ndani ya jiji.

Pendekezo langu, kwa hiyo, ni kwamba kata ya Pwani iingizwe ndani ya mstari ikiwa imetimiza mambo mawili kati ya matatu: msongamano wa mjini ulioungana na wa jiji, mtiririko wa daladala wa kila siku, na kasi ya ukataji wa ardhi ya kilimo kuwa viwanja, ambayo picha za satelaiti zinaionyesha vizuri. Hiki cha tatu nimekiweka mahali pa huduma makusudi, kwa kuwa ndicho kinachoona mbele.

Kwa nini isiwe kupanua mkoa

Njia fupi ingekuwa kuchukua Mkuranga na Kibaha na kuzihamishia Dar es Salaam. Rais ana mamlaka ya kugawa mikoa chini ya ibara ya 2 ya Katiba, na jambo hilo lingeweza kufanyika kwa tangazo. Ninalipinga kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mapato. Viwanda vinavyolipa ushuru wa huduma Mkuranga na Kibaha ndivyo vinavyobeba halmashauri zao, na kuvihamisha kungeiacha Pwani na Rufiji, Kibiti, Mafia, Kisarawe, Bagamoyo na Chalinze, bila makao makuu yake ya Kibaha. Ni kweli pia kwamba ziko familia ambazo baba anafanya kazi kwenye kiwanda kinacholipa ushuru Mkuranga wakati watoto wake wanasoma kwenye shule iliyofurika ya Temeke, na Temeke haipati chochote kutoka kiwandani. Dhuluma hiyo ndogo inarekebishika kwa makubaliano ya kugawana mapato, bila kuifilisi Pwani.

Ya pili ni kwamba mstari mpya nao utavukwa. London ilipanuliwa kiutawala mwaka 1965 ikapewa halmashauri 32 pamoja na City, na tangu hapo watu wanaoingia kila siku kufanya kazi wametoka nje ya mpaka huo kwa mamia ya maelfu. Majirani zetu walichagua njia nyingine. Kenya mwaka 2017 iliunda mamlaka ya usafiri ya eneo la Nairobi, inayokusanya kaunti tano za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a bila kuzinyang'anya ukaunti wao. Uganda, katika sheria ya Kampala ya 2010, iliweka mamlaka ya mipango ya ardhi inayounganisha Kampala na Wakiso, Mukono na Mpigi. Mifano hiyo miwili haijakamilika katika utekelezaji, na siileti kama dawa. Naileta kwa sababu inatofautiana kwenye jambo moja la msingi: Nairobi ilianza na usafiri, Kampala kwenye karatasi ilianza na ardhi. Kwa Dar es Salaam, Kampala ndiyo iliyo karibu zaidi na hitaji letu. Njia ya mabasi yaendayo haraka inaweza kurefushwa baada ya miaka 10 ikiwa nafasi ya barabara imehifadhiwa. Nafasi hiyo ikishauzwa kwa vipande vya ishirini kwa ishirini, kilichobaki ni fidia na tingatinga.

Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007 inamruhusu waziri mwenye dhamana kutangaza eneo la mipangomiji. Tangazo moja linaloziweka kata za Mwandege, Vikindu, Kiluvya, Mapinga na Kerege, pamoja na kata za Mji wa Kibaha zilizoko kwenye Barabara ya Morogoro, ndani ya eneo moja la mpango na halmashauri tano za Dar es Salaam, ni hatua isiyohitaji kubadilisha mkoa wa mtu yeyote. Vijiji vilivyomo ndani ya kata hizo vipewe kwanza mchoro wa barabara kuu na za mtaa, hata kabla ya upimaji wa viwanja, ili mwenyekiti wa kijiji anapogonga muhuri ajue ni vipande vipi haviwezi kuuzwa. Na mwenye shamba atakayeacha njia kwa mujibu wa mchoro apewe hati ya viwanja vilivyobaki bila gharama, kwa kuwa ndiye anayebeba hasara kwa niaba ya wote.

Ningeingiza pia kata ambazo hazina watu wengi na hazitimizi kigezo chochote cha hapo juu: zile zinazozunguka misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivyo, na mvua inayoteremka bila kuzuiwa ndiyo inayofunga barabara Jangwani. Fedha nyingi zinaelekezwa sasa kwenye bonde la chini la mto huo. Kulipanga bonde la chini huku chanzo chake kikiwa chini ya mipango ya wilaya nyingine, inayokabiliwa na madalali wale wale wa viwanja, ni kuacha nusu ya kazi.

Kibiti, Rufiji na Mafia zibaki nje. Chalinze ibaki nje kwa sasa. Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha ndiyo inayonipa shida, kwa sababu ya Kwala, ambako bandari kavu imejengwa ili kuipunguzia bandari ya Dar es Salaam makontena, na kwa sababu ya vituo vya reli ya kisasa vya Soga na Ruvu vilivyoko kati ya Pugu na Ngerengere. Kwa watu, Kwala haijawa sehemu ya jiji. Hakuna umati unaotoka huko alfajiri kwenda Posta. Kwa mizigo imekwisha kuingia. Ningeiacha nje ya mstari wa kata hadi Sensa ijayo, lakini ningeitangaza njia yote ya reli na barabara kati ya Kwala na Kibaha kuwa eneo la hifadhi ya mpango kuanzia sasa, pamoja na ardhi inayozunguka vituo vya Soga na Ruvu, kabla ekari za kwanza hazijaanza kukatwa.